Mkia Amejibu

Kazi ya kupeleka watu baharini kwa kayaki ni kazi ya kuzozana na watu wazima juu ya mambo ya kitoto. Funga mikanda. Kunywa maji. Nenda chooni sasa, kule hakuna choo. Vua hiyo pete, vidole vitavimba. Mwanamke ambaye kikundi kizima kilimwita Nahodha alikuwa akizozana hivyo kila Jumamosi asubuhi, miguu peku juu ya sakafu ya saruji ya banda lao, na wala hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Daktari, hiyo sketi umeivaa mbele nyuma."

Daktari mwenyewe alikuwa wa meno. Mtu mnene wa mwili na mnene zaidi wa maneno, mgeni katika mambo ya bahari, lakini mwenye moyo mweupe hata ukitaka kumchukia unashindwa. Akainama kujitazama kiunoni. Sketi waliyoisema ni kile kitambaa cha mpira unachojivalisha kiunoni, kisha ukishakaa unakinyoosha kufunika tundu la kayaki ili mawimbi yasiingie ndani. Mbele ina kishikio. Ukipinduka, unakivuta hicho, unatoka. Ukiivaa mbele nyuma, kishikio kinakuwa mgongoni, na hapo tena jitafutie mwenyewe.

"Mke wangu akiniona na sketi, ndoa imekwisha," Daktari alisema akiizungusha.

"Ya ndoa yako siyajui. Nataka kishikio nikione."

Wenzake wakacheka. Walikuwa wachache siku hiyo: Daktari, Mwalimu, ambaye alikuwa na mabega mapana na hakuchoka upesi, wachumba wawili waliokodi kayaki ya watu wawili na tayari walikuwa wameshakosana juu ya nani akae mbele, na Wifi. Wifi alikuwa dada mkubwa wa mume wa Nahodha. Alikuwa fundi cherehani, na majaketi yote ya kuokolea pale bandani yalipita mikononi mwake kila mwezi, akiyakagua mishono, zipu na filimbi zake. Watu wote walimwita Wifi, hata wasiokuwa na kaka wa kuoa.

Nahodha alizipanga kayaki mchangani kwa namna zitakavyokwenda majini, maana alijua mtu akiona kwa macho haulizi mara mbili. Mbele kabisa yeye. Nyuma yake tu, karibu kiasi cha kusikia wakikemewa, walio dhaifu. Ni wao wanaopanga mwendo. Wenye misuli watangoja, wapende wasipende. Bawa la kushoto Mwalimu. Bawa la kulia, upande upepo unakotokea, Wifi.

"Na Mkia ni nani leo?" Wifi aliuliza. Alikuwa anavuta zipu ya jaketi juu na chini, wala hakuinua uso.

"Mkia yupo."

"Nimeuliza ni nani."

"Nami nimekujibu, wifi yangu. Yupo."

Wifi aliiacha zipu. Wale wachumba waliangaliana. Mwalimu akajitia kufunga kamba ya kiatu, na viatu vyenyewe vya mpira, havina kamba.

"Mimi naweza kukaa nyuma," Wifi alisema polepole. "Kila Jumamosi nakwambia. Kila Jumamosi unanipa bawa la kulia kama mtu aliyeadhibiwa."

"Upepo unatoka kulia. Namhitaji mtu mzito huko."

"Asante kwa kuniita mzito."

Watu wakapata nafasi ya kucheka tena, wakaitumia vizuri. Lakini Wifi hakucheka, na Nahodha alijua kwamba hilo neno halijaisha.

Sasa hapa lazima nieleze, la sivyo utaniona nasimulia mambo ya vichaa. Ndani ya kayaki mtu hageuki nyuma. Umebanwa kiuno, umebanwa magoti, chombo chenyewe chembamba. Ukigeuza shingo katikati ya mawimbi, kiwiliwili kinaifuata shingo, na kayaki inakifuata kiwiliwili, na dakika hiyo hiyo unaogelea. Kwa hiyo kiongozi haoni kilicho nyuma yake. Ndiyo maana kuna Mkia. Mkia ni mpiga kasia hodari kuliko wote, anakaa mwisho wa msafara, hampiti mtu hata awe mvivu namna gani. Kiongozi anapuliza filimbi mara moja, ndefu. Mkia anajibu mara mbili, fupi fupi: nipo, na wote wako mbele yangu. Kiongozi akisikia hivyo anapiga kasia moyo ukiwa umetulia.

Mkia wa kikundi hiki alikuwa mume wa Nahodha. Wakati wote yeye mbele, mumewe nyuma, na katikati wanyonge wa Mungu. Watani walisema ndoa yao imedumu kwa sababu hawaonani. Alikuwa na pengo la meno ya mbele, hivyo filimbi yake ilivuja: ile ya pili iliishia na kijipumzi, fyuu, kama birika linaloshushwa jikoni. Ungemtambua kati ya filimbi mia.

Mwaka uliotangulia, siku ya upepo, walikuwa wanarudi na wanafunzi waliokuwa wanatetemeka. Kabla ya rasi ya mawe iliyo nje ya bandari Nahodha alipuliza, akajibiwa. Baada ya rasi alipuliza, hakujibiwa. Akasema upepo umeimeza. Akapuliza tena, kimya. Alikuwa na watu wawili ubavuni waliokuwa wanalia kwa woga, na kanuni ilisema usiwaache dhaifu katikati ya maji. Aliwafikisha. Kisha akarudi na boti ya bandari. Waliiona kayaki ya mumewe imelala kifudifudi, kasia likielea pembeni. Yeye hawakumwona, si siku ile wala siku nyingine. Labda moyo ulisimama, labda kichwa kiligonga jiwe; watu walisema mengi, maana watu wana midomo. Kilichokuwa wazi ni kimoja. Mkia alikuwa anawatazama wote, na hakukuwa na mtu wa kumtazama Mkia.

Banda lilifungwa kwa miezi. Lilipofunguliwa tena, mtu aliyepangwa kuwa Mkia aliamka na homa, na Nahodha akaamua kwenda hivyo hivyo, safari fupi, bahari ya siku hiyo imelala. Walipofika nje alipuliza filimbi. Alipuliza kwa mazoea tu, mkono ulikwenda wenyewe mdomoni. Na nyuma, mbali kidogo, mtu akajibu. Mara mbili, fupi fupi. Ya pili ikaisha na fyuu.

Nywele zilimsimama. Kasia likamponyoka likashikwa na kamba yake. Hakugeuka. Alikaa vile vile akitazama mbele, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, akasema moyoni, Mungu wangu, usinifanyie hivi, kisha papo hapo akasema, nifanyie tena. Akapuliza. Akajibiwa.

Tangu hapo hakumpanga mtu yeyote nyuma. Alipoulizwa alisema Mkia yupo, na akili yake haikumwambia kwamba anadanganya. Siku za kazi alizipitisha tu, kama mtu anayengoja basi. Nyumbani kabati lilikuwa na nguo za mume upande mmoja na zake upande wa pili, na katikati nafasi ya mkono kupita. Alikula, alioga, alijibu simu za mama mkwe. Jumamosi ndipo alipoishi. Aliogopa jambo moja tu: akimweka mtu hai katika nafasi ile, yule mwingine ataiona imekaliwa, ataondoka. Kwa hiyo Wifi akae bawa la kulia, na asinung'unike.

Basi, walitoka. Asubuhi ilikuwa nzuri, maji yamekupwa nusu, jua halijachachamaa. Wachumba walizunguka mara mbili kabla ya kukubaliana kulia ni wapi. Daktari alipiga makasia kama anachanganya uji, lakini alikwenda. Nahodha aliwapitisha nje ya mawe, akawapa nafasi wazoee wimbi, kisha akapuliza.

Akajibiwa.

Aliufumba mdomo kwa nguvu asije akatabasamu. Upande wa kulia, Wifi aliacha kupiga kasia kidogo, kichwa kimeinama, kisha akaendelea.

Walipumzika kwenye kijighuba upande wa pili wa rasi, wakavuta kayaki mchangani, Mwalimu akatoa chupa ya chai. Daktari alikunywa kikombe chake, akafuta jasho, akatazama baharini akikinga macho kwa kiganja.

"Na yule wa nyuma haji kunywa chai?"

"Yupi?" Mwalimu aliuliza.

"Si yule anayejibu filimbi. Nilimsikia njia nzima. Mwanaume yule, au?"

Mwalimu alimtazama, akatazama kayaki zilizolala mchangani, akamtazama tena. "Mimi nimesikia ndege," alisema.

"Ndege gani anapuliza filimbi mara mbili kila anapoitwa? Nahodha, mwambie huyu."

Kikombe cha Wifi kilikuwa kimesimama katikati ya njia ya kwenda mdomoni. Nahodha alikiweka chini kikombe chake. Alikuwa amezoea kudhani ni yeye peke yake. Kuna siku alifikiri labda ameanza kuchanganyikiwa, na jambo hilo halikumsumbua sana. Sasa huyu mng'oa meno, mtu baki kabisa, amemsikia. Furaha iliyompanda ilimtisha.

"Ana kazi," alisema. "Atakunywa baadaye. Haya, funikeni chupa, upepo unageuka."

Hilo la upepo lilikuwa kweli. Ulitabiriwa wa alasiri, ukaja kabla. Walipoikaribia rasi kurudi, bahari ilikuwa imeanza kuchafuka, mawimbi mafupi yasiyo na adabu, yakija kutoka kulia na kurudi tena kutoka kwenye mawe. Wachumba ndio walioanza. Kila mmoja aliegemea upande wake, kayaki haikujua imtii nani, ikapinduka. Vilio. Nahodha alifika, Mwalimu akafika, wakaishika ile kayaki baina yao, wakamwinua msichana, wakamwinua mvulana, wakachota maji kwa kopo. Kazi ilifanyika vizuri, waliijua. Lakini mpangilio wote ulikuwa umevurugika, na mawe ya rasi yalikuwa yanasogea.

"Tunakwenda!" Nahodha alipaza sauti. "Ninyi wawili kaeni hapa hapa ubavuni mwangu. Tazameni pua ya kayaki yangu, msitazame maji. Daktari, nifuate!"

"Nakuja!" Daktari alijibu mahali fulani nyuma.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, nami simtetei. Msafara ukishavurugika, hauondoki mpaka umepangwa upya na kila mtu ameonekana kwa macho. Alilijua hilo kuliko alivyojua jina lake. Lakini alipuliza filimbi, na nyuma akajibiwa mara mbili, na moyo wake ukatulia tuli. Wote wako mbele yake. Akapiga kasia.

Akapuliza tena katikati ya rasi. Akajibiwa. Akapuliza walipoimaliza. Akajibiwa, ingawa kwa mbali, na yeye akasema ni upepo tu.

Ndani ya ukuta wa bandari maji yalikuwa shwari. Wachumba waliacha kulia wakaanza kulaumiana, dalili ya uzima. Mwalimu alifika kutoka kushoto. Wifi alifika kutoka kulia, ameloa, akatazama huku na huku.

"Daktari yuko wapi?"

"Yupo nyuma hapo," Nahodha alisema akigeuza kayaki.

Nyuma hapo palikuwa na maji matupu mpaka kwenye rasi.

"Nyuma wapi?"

"Si amejibu… Nimepuliza, nimejibiwa, wote walikuwa…"

"Nani amejibu?" Wifi alisema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Nitazame usoni, wifi. Nani amekujibu?"

Mikono ya Nahodha, ambayo ilikuwa na akili kuliko kichwa siku hiyo, ilichomoa redio kifuani, akaita boti ya bandari, akaambiwa inakuja, wangoje. Hawakungoja. Mwalimu aliambiwa awafikishe wachumba mchangani. Nahodha na Wifi waligeuza pua wakarudi kule walikotoka, wakapiga kasia bega kwa bega bila kusemeshana, na kila wimbi lililompiga Nahodha usoni alilihesabu kuwa halali yake.

Aliipeleka filimbi mdomoni amwite Daktari. Wifi akanyoosha kasia lake, akaugonga mkono ule, filimbi ikamtoka.

"Usipulize!"

"Atajuaje tuko wapi?"

"Nimesema usipulize!"

Walimwona upande wa pili wa rasi, mbali, kofia yake ya rangi ya chungwa ikipanda na kushuka. Alikuwa wima. Nahodha alishukuru kwa sauti. Kisha akaona jambo lililomtia baridi: Daktari hakuwa anakuja. Alikuwa ameelekeza pua ya kayaki bahari kuu, anapiga makasia yake ya kuchanganya uji, taratibu, kwa bidii, anakwenda zake.

Walipomfikia, sketi yake ilikuwa imechomoka upande mmoja, na ndani ya tundu maji yalimfika nyongani. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Akawapokea kwa tabasamu.

"Ah, Nahodha! Afadhali umekuja. Huyu mwenzetu nadhani amechoka."

"Mwenzetu yupi?"

"Huyu wa nyuma." Aliashiria kwa kidevu kule kusikokuwa na kitu. "Kila ukimpulizia anajibu, lakini naona sauti inakwenda mbali. Nikasema jamani, haiwezekani. Sote tunakwenda nyumbani, yeye tumwache peke yake huku? Nikageuza. Ila kila nikikaribia, unampulizia tena, naye kumbe yuko mbele zaidi."

Kitu cha kwanza kilichompata Nahodha kilikuwa wivu. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alimwonea wivu kwa kumkaribia mumewe. Cha pili kilimuuma zaidi. Mtu huyu asiyeweza kwenda mstari ulionyooka, anayevaa sketi mbele nyuma, alisikia mtu anabaki nyuma, akageuza.

"Anamwita," Wifi alisema kwa sauti ya chini. "Kaka yangu anamwita mtu."

"Hamwiti." Nahodha alijisikia akisema, na alipokuwa anasema ndipo alipoelewa. "Hajawahi kumwita mtu yeyote. Anajibu. Mimi ndiye ninayeita."

Walikuwa na kazi. Walizibana kayaki zao huku na huku ya ile ya Daktari, Wifi akamshika, Nahodha akachota maji mpaka kopo likaanza kukwaruza sakafu, wakamfunga sketi upya. Mikono ya Daktari haikuweza tena kukunja vidole. Ilibidi avutwe. Nahodha alijifunga kamba ya kuvutia kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye pua ya kayaki ya Daktari.

"Wifi, kaa ubavuni mwake."

"Nikikaa ubavuni, mawimbi haya yatatugonganisha. Na akipinduka nyuma yako utajuaje? Nakaa nyuma." Alikuwa ameshaanza kurudi nyuma. "Mara hii huna la kusema."

Nahodha akaanza kuvuta.

Kumvuta mtu dhidi ya upepo ni kuvuta jiwe linalokuomba radhi. Kamba inakaza, inalegea, inakaza. Daktari nyuma yake alikuwa anasema pole, pole sana Nahodha, mpaka akaambiwa anyamaze apumue. Mawe ya rasi yalikuwa kushoto, meupe kwa povu. Akisimama kidogo tu, wimbi linawasukuma kuyaelekea. Kugeuka hakuwezekani. Na nyuma ya Daktari, mahali pale pale, katika upepo ule ule, alikuwa Wifi peke yake.

Alivumilia alivyoweza. Kisha akapuliza, maana hakukuwa na njia nyingine ya kujua.

Majibu yalikuja yote pamoja. Mbili na mbili, zimepandana, moja ikimalizikia ndani ya nyingine. Alimsikia Wifi, na alimsikia mumewe. Akapiga kasia, akapuliza tena.

Jibu lilikuwa moja. Mara mbili, fupi fupi, na fyuu.

"Daktari! Wifi yuko nyuma yako?"

"Nasikia filimbi!" Daktari alijibu kwa furaha. Naye hakuweza kugeuka.

Akapuliza. Fyuu. Akapuliza kwa pumzi yote. Fyuu, karibu zaidi, imara, yenye kutuliza, ile ile iliyomlaza usingizi mzuri kila Jumamosi. Nipo, na wote wako mbele yangu. Nahodha alitega masikio chini ya sauti ile, juu yake, pembeni mwake, kama mtu anayetafuta pete kwenye sahani ya mchele, akimtafuta Wifi. Hakumpata. Huenda Wifi anapuliza na sauti yake inafunikwa. Huenda yuko majini chini ya kayaki. Akisimama, Daktari anakwenda kwenye mawe. Asiposimama, atakuwa amemwacha mtu nyuma kwa mara ya pili, mahali pale pale, na mama mkwe atazika nguo tupu za mtoto mwingine.

Akaitema filimbi.

"Mume wangu!" Alipaza sauti mpaka kifua kikamuuma. "Mume wangu, nyamaza! Nakuomba, nyamaza! Nimsikie dada yako!"

Daktari aliacha kusema pole. Upepo uliendelea. Nahodha aliipapasa filimbi kifuani, akaiweka mdomoni. Akapuliza moja, ndefu.

Hakuna. Alipiga kasia kulia, akapiga kushoto. Hakuna kitu. Akapiga tena, na ndani yake kitu kilianza kupiga kelele kwamba amewapoteza wote wawili.

Kisha ikaja. Mbaya, ina mate, ya kwanza imekatika katikati na ya pili ndefu kuliko inavyotakiwa. Wifi hakuwahi kujua kupuliza filimbi maishani mwake. Nahodha alilia kwa sauti, akavuta.

Akapuliza tena baada ya muda, na tena. Kila mara alijibiwa vibaya vile vile, na mtu mmoja tu.

Boti ya bandari iliwakuta wameshaingia kwenye maji shwari, imechelewa kama kawaida yake. Mchangani Daktari alivikwa blanketi, akapewa chai, akaanza kumweleza Mwalimu kwamba kuna jamaa mmoja ambaye bado yuko huko nje, mtu mwema sana, na Mwalimu akawa anamwambia kunywa, Daktari, kunywa kwanza. Nahodha alikaa chini mbali nao, miguu majini, kamba bado kiunoni. Wifi alikuja akaketi karibu yake.

"Nilikuwa napuliza," Wifi alisema. "Kila ulipoita nilipuliza. Nilijua hunisikii."

"Alikufunika."

"Alinifunika. Alikuwa hapa." Wifi aliweka kiganja hewani kando ya bega lake, akakiacha hapo. "Hapa tu. Sikumwona, lakini alikuwa hapa, mpaka nikataka kumshika mkono."

Nahodha alimgeukia. "Na wewe humsikia?"

"Tangu siku ya kwanza. Ulidhani kila Jumamosi naomba kukaa nyuma kwa ajili ya usalama wa watu?" Uso wa Wifi ulikunjamana. "Mimi nilisingizia usalama, na wewe ukasingizia upepo wa kulia. Tumegombea maiti, wifi yangu, na mtu wa watu nusura afe."

Nahodha aliifungua kamba kiunoni, akaiweka mchangani.

"Nilipomwambia vile," aliuliza baadaye, "alifanya nini?"

"Alinyamaza."

"Hivyo tu?"

"Hapo hapo. Ulipomaliza neno tu. Na pale ubavuni mwangu pakawa na upepo mtupu."

Nahodha alizikandamiza kucha ndani ya viganja. "Hatajibu tena."

"Sidhani."

"Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Mume wangu nyamaza. Kati ya maneno yote duniani."

Wifi alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Basi mshukuru Mungu," alisema. "Miaka yote ya ndoa yenu umemwambia anyamaze. Leo ndiyo mara ya kwanza amekusikiliza."

Nahodha alicheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kikamuumiza mbavu, na kabla hakijaisha kilikuwa kimeshageuka kilio, kile alichokuwa hajakilia tangu boti ilipoipata kayaki imelala kifudifudi, kwa sababu mtu anayejibu kila Jumamosi humlilii. Wifi alimshika kichwa, akakilaza begani palipokuwa pamelowa chumvi, akamwacha alie mpaka akatosheka. Kisha wakanyanyuka, wakaishika kayaki ya Daktari mmoja huku mmoja huku, wakaipindua, wakamwaga maji.